Fedha kwenye Mizani ya Dhahabu

Bibi yangu aliacha jozi ya kekee, zile bangili pana na bapa za fedha, zenye nakshi ya maua na majani yaliyosokotana kuuzunguka mkono mzima. Zilikaa kashani miaka mingi, zikasawijika hata zikawa na rangi ya masizi. Mpwa wangu alipokaribia kuolewa nikazipeleka kwenye duka moja la vito mjini zikasafishwe. Kijana aliyenipokea alikuwa na adabu, na alikuwa na haraka. Aliwasha mashine yenye gurudumu la kitambaa, akalipaka gurudumu dawa nyekundu ya kung'arishia, na baada ya dakika kumi akanirudishia zikimeta kama kioo. "Dada, sasa zimekuwa mpya," akasema. Kweli zilikuwa mpya. Maua yalibaki vivuli, na yale majani madogo ya ukingoni niliyapapasa kwa kidole nisiyapate.

Baadaye nilimwonyesha sonara mmoja mzee. Akazigeuza mara mbili mkononi, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza, "Mwanangu, hizi zimesafishwa au zimeparwa?"

Swali hilo limenikaa. Kijana wa mashine hakuwa mzembe. Alitenda lile ambalo soko zima limetufundisha kulitaka. Dhahabu ina maswali mawili: inang'aa vipi, na ina gramu ngapi. Fedha nayo tumeipandisha kwenye mizani hiyohiyo, na humo itashindwa siku zote, maana thamani ya kikuku cha fedha haikai katika madini yake, inakaa katika mkono uliokifua. Ndiyo maana naona utunzaji wa fedha na biashara yake ni jambo moja. Anayeisugua mpaka nakshi ikaisha na anayeiuza kwa uzito ikayeyushwe wanapoteza kitu kilekile.

Tuanze na huo weusi. Wengi huuita kutu, lakini chuma ndicho kinachopata kutu, kwa oksijeni na maji. Fedha haina ugomvi mkubwa na oksijeni. Mgomvi wake ni salfa, ile waliyoiita wazee kiberiti kabla jina halijahamia kwenye njiti za kuwashia moto. Hewani kuna kiasi kidogo mno cha gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza. Hutoka kwenye matope ya mikoko maji yakitoka, kwenye mitaro iliyoziba, kwenye moshi wa kuni na wa viwandani. Na jikoni mayai na vitunguu vina salfa yao. Gesi hiyo ikikutana na fedha penye unyevu, hujenga juu yake utando wa salfaidi ya fedha. Mwanzoni utando ni mwembamba kiasi cha kuchezewa na mwanga, ukaona manjano ya asali, kisha wekundu unaoelekea zambarau, kisha buluu ya mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Ukizidi unene ndipo unakuwa mweusi. Sisi wa pwani, wenye hewa nzito ya chumvi na mikoko mlangoni, tunauona upesi kuliko mtu wa Dodoma.

Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba pete ya fedha ikimwekea mtu weusi kidoleni, mtu huyo ana maradhi au amepigwa na husuda. Jasho lina chumvi na chembe za salfa, na jasho la mtu mmoja si la mwingine. Dawa, chakula na manukato hulibadilisha. Tena fedha ya vito kwa kawaida huchanganywa na shaba, na shaba ndiyo yenye pupa zaidi ya kubadilika rangi. Fedha tupu ni laini mno kwa pete ya kila siku, kwa hiyo kipimo kilichoenea duniani ni sehemu 925 za fedha kwa 75 za shaba. Asiwepo wa kumtazama mwenzake kwa jicho la shaka kwa sababu ya pete.

Linalopaswa kueleweka kabla ya kushika kitambaa ni kwamba ule weusi ni fedha yenyewe iliyoungana na salfa. Kuusugua ni kuondoa fedha. Kidogo, ndiyo, lakini ugumu wa fedha tupu hauzidi sana ule wa ukucha wako, na nakshi nyingi za kale zina kina cha unene wa kadi. Mafundi walilijua hilo, na waliutumia weusi kama wino. Mashimo ya nakshi huachwa meusi ili migongo ya maua ionekane nyeupe. Wapo waliopaka dawa ya salfa kwa makusudi, kisha wakasugua juu tu. Chombo cha namna hiyo kikitoka cheupe kotekote kimepoteza maandishi yake, hata kama hakijapoteza gramu moja.

Njia bora ya kuitunza fedha ni kuivaa. Ngozi na nguo huisugua polepole zaidi kuliko fundi yeyote atakavyothubutu, na huacha mashimo yalivyo. Bangili inayovaliwa kila siku haihitaji kitu zaidi ya maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa mtoto kwenye pembe zake, kisha kukaushwa kabisa kwa kitambaa cha pamba. Masonara wa Kihindi huoshea vito kwa povu la ritha, tunda lile la kufulia nguo za hariri, na ni povu pole. Kilichobaki ni kujua wakati wa kuivua: kabla ya kuogelea, hasa kwenye bwawa lenye klorini, kabla ya kushika dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, kabla ya kupaka dawa ya nywele. Manukato na mafuta yatangulie, fedha ifuate.

Kwa ile inayokaa kashani, adui ni hewa na unyevu. Kila kipande kifungiwe peke yake katika mfuko wa plastiki wenye kufungika vizuri, hewa ikaminywa itoke, na ndani kuwe na kipande cha chaki au kile kifuko cha punje za kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Isiviringishwe kwenye sufu. Isifungwe kwa mpira wa kufungia noti, maana mpira umekomazwa kwa salfa na utaacha mstari mweusi pale ulipogusa. Nimeuona mstari huo kwenye mkufu wa jirani, mweusi na mnyoofu kama umechorwa kwa rula.

Ipo njia ya jikoni inayopendwa sana, na inafaa kuelezwa vizuri kwa sababu ni nzuri na ni ya hatari kwa pamoja. Unatandika foili ya jikoni ndani ya bakuli, upande unaong'aa juu au chini si neno. Unaweka pambo liguse foili, unanyunyiza kijiko cha bekingi soda, unamimina maji ya moto. Baada ya muda mfupi unasikia harufu ya yai viza. Harufu hiyo ni salfa inayoiacha fedha na kuhamia kwenye alumini, yenye nguvu zaidi ya kuivuta. Fedha iliyokuwa imeungana na salfa inarudi kuwa fedha. Hakuna kilichokwanguliwa, na ndilo jambo zuri. Ila maji hayachagui. Yataondoa na ule weusi wa nakshi ulioachwa kwa makusudi. Yatapenya ndani ya vikuku vyenye uwazi na kukaa humo. Na kwa lulu, marijani, feruzi na kaharabu, maji ya moto yenye soda ni maangamizi. Hata tanzanaiti, ngumu ilivyo, haipendi kupanda na kushuka kwa joto ghafla. Kwa hiyo njia hii ni ya mkufu mtupu, vijiko na bangili laini zisizo na mawe wala nakshi iliyotiwa weusi.

Dawa ya meno, ambayo kila mtu hushauri, isiguse fedha. Imetengenezwa isugue jino, na jino ni gumu mara nyingi kuliko fedha. Majivu ya bibi zetu, yaliyochekechwa kwa kitambaa na kupakwa kwa ncha ya kidole chenye maji, nayo hukwangua, lakini kidole kinasikia kinapofika kwenye nakshi. Gurudumu la mashine halisikii. Na pambo lililopakwa fedha juu ya shaba halitaki hata majivu. Tabaka lake ni jembamba mno, ukilisugua mara kadhaa wekundu au umanjano unachungulia, na hapo hakuna dawa ila kulipaka upya.

Sasa, vikuku vya bibi zetu vilitoka wapi? Lugha yenyewe inasimulia. Tunasema fedha tukimaanisha madini, na tunasema Wizara ya Fedha. Kwa muda mrefu katika Bahari ya Hindi vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja kweli. Sarafu iliyotawala Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Omani na pwani yetu ilikuwa riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, yenye gramu 28.07 na fedha sehemu 833 kwa elfu. Alifariki mwaka 1780, na mwaka huo ndio ulioendelea kupigwa kwenye sarafu kizazi baada ya kizazi, hata karne ya 20 ilipokuwa ikichapwa Roma, London na Bombay, maana wafanyabiashara waliikataa yenye tarehe nyingine. Sultani Barghash wa Zanzibar alitoa riale yake mwenyewe mwaka 1882, na rupia ya India nayo ilizunguka huko. Uzito wa rupia hiyo, gramu 11.66, ni tola moja kamili, na tola ndiyo masonara wa asili ya Kihindi wanayopimia mpaka leo.

Mteja alikwenda kwa sonara na sarafu zake. Sonara aliziyeyusha, na alipomaliza aliweka pambo upande mmoja wa mizani na sarafu upande wa pili. Fedha ikawa akiba inayovaliwa: mitali miguuni, furungu, timbi, kidani shingoni. Hii ndiyo sababu fedha nyingi ya kale ya pwani na ya Omani haina muhuri wa 925. Haikutokana na kipimo cha Uingereza, ilitokana na riale, na kipimo chake mara nyingi ni hiyo 833 au karibu yake. Inaniuma kuona mtu anakikataa kikuku cha bibi yake kwamba ni bandia kwa kuwa hakina namba tatu, kisha ananunua pete yenye namba hizo iliyo bati tupu. Ugumu mwingine uliletwa na wakoloni: shilingi ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1921 ilikuwa na fedha sehemu 250 tu kwa elfu, iliyobaki shaba. Aliyeyeyusha shilingi apate bangili alipata shaba yenye harufu ya fedha.

Mtu ataniambia: basi kuyeyusha si jambo jipya, mbona walalamika? Ni kweli. Omani ilikuwa kawaida bibi harusi kupewa pambo jipya, na la marehemu likarudi kwenye moto. Lakini lililoyeyushwa lilirudi kwenye fuawe ya sonara yuleyule au ya mwanawe, likafuliwa kwa nyundo zilezile na kupigwa nakshi za mji uleule. Kilichopotea kwa kipande kilibaki kwa fundi. Leo kikuku kinachouzwa kwa uzito kinakwenda kwa mkusanyaji, kutoka hapo kiwandani, na kinatoka huko kikiwa mche wa fedha usio na kwao. Fundi hakuingia katika mzunguko huo hata mara moja.

Namna dhahabu ilivyoipita fedha, Mwislamu anayetoa zaka anaijua kwa hesabu. Nisabu, yaani kiwango cha mali kinachomlazimu mtu kutoa zaka, kwa dhahabu ni gramu 85, na kwa fedha, kwa hesabu inayofuatwa na wengi, gramu 595. Yaani zama ilipowekwa, fedha mara saba kwa uzito ilisimama bega kwa bega na dhahabu. Hata mwaka 1803 Ufaransa iliweka sheria ya 15 na nusu kwa moja. Kisha Ujerumani ikahamia sarafu ya dhahabu baada ya 1871, Marekani ikafuata 1873, na mwaka 1893 serikali ya India ikafunga viwanda vyake visiwachapie watu rupia kwa fedha waliyoleta. Serikali zilipoacha kuihitaji, bei ikaporomoka. Machi 2020 wakia moja ya dhahabu ilinunua zaidi ya wakia 100 za fedha. Mashekhe wanajadili mpaka leo nisabu ipi ifuatwe, kwa kuwa ya fedha humgusa mtu wa kipato cha chini kabisa na ya dhahabu humwacha aliye na uwezo. Mali zilizokuwa ndugu sasa zinapima watu tofauti.

Wanawake waliliona kabla ya wachumi. Omani mafuta yalipoanza kuuzwa nje mwaka 1967, na nchi ikafunguka chini ya Sultani Qaboos kuanzia 1970, mabibi harusi waligeukia dhahabu ya Dubai na India, na fedha za mama zao zikafurika masokoni Muttrah na Nizwa kwa bei ya gramu. Kwetu Mombasa, Lamu na Unguja mambo yalikwenda hivyohivyo. Leo bibi harusi akitolewa, macho ya wageni yanahesabu dhahabu.

Na bei ya fedha sasa haiamuliwi na arusi ya mtu. Zaidi ya nusu ya fedha ya dunia inakwenda viwandani, kwenye swichi, vifaa vya elektroniki na paneli za sola, kwa sababu hakuna metali inayopitisha umeme kuliko yenyewe. Vito havifikii hata moja ya tano. Tena sehemu kubwa huchimbwa kwa kufuatana na madini mengine. Mtanzania anayekumbuka mzozo wa mwaka 2017 kuhusu makinikia, ule mchanga wa madini uliokuwa ukisafirishwa nje, atakumbuka ulikuwa na dhahabu, shaba na fedha pamoja. Fedha ipo ardhini mwetu, ila inatoka ikiwa abiria.

Kwa sonara hesabu ni chungu. Kuunga pete ya fedha si rahisi kuliko ya dhahabu. Fedha hupitisha joto upesi hata lazima uipashe yote ndipo lehemu ikimbie, na ukizidisha kidogo umeiyeyusha kazi ya siku nzima. Muda ni uleule, na ujuzi ni uleule. Lakini mteja akiambiwa ujira umezidi bei ya fedha yenyewe anaona ameibiwa. Kwa dhahabu ujira hujificha ndani ya bei kubwa ya madini. Kwa fedha unasimama peupe. Matokeo yake ni maduka yaliyojaa cheni zilizotolewa na mashine huko Asia, zimepakwa metali ya rodi ili ziwe nyeupe kama chuma cha hospitali, na sonara amebakiwa na kuunga mikufu iliyokatika.

Humo ndimo udanganyifu unamopenya. Ile inayoitwa fedha ya Kijerumani ni shaba, nikeli na zinki, haina fedha hata chembe, na nikeli yake huwasha ngozi za wengi. Chapa ya 925 ni kipande cha chuma kinachoweza kununuliwa na yeyote. Uingereza sheria ya 1973 inataka kitu cha fedha kinachozidi gramu 7.78 kipimwe na ofisi isiyo ya muuzaji kabla ya kugongwa muhuri. Nguvu ya muhuri inatoka hapo, kwa mpimaji asiye na faida ndani yake. Sumaku haikusaidii, maana shaba na fedha ya Kijerumani nazo hazivutwi. Kinachosaidia ni maji na mizani ndogo ya jikoni. Chukua bangili nzima isiyo na mawe wala uwazi, tuseme ina gramu 62. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe sifuri, kisha ining'inize bangili kwa uzi izame bila kugusa glasi. Ikiwa ni ya 925 mizani itasoma gramu 6 hivi; ya riale itazidi hapo kidogo sana. Ikisoma 7 na zaidi, hiyo ni metali nyepesi kuliko fedha, na una haki ya kuuliza maswali.

Mahali fedha inapoendelea kuishi ni pale ilipokataa kupimwa kwa gramu. Lamu wapo masonara wanaozungushia ukingo wa fedha vigae vya vyombo vya kale vya kaure, vile vilivyokuja na majahazi na kupamba zidaka za nyumba za mawe. Pete moja ina gramu chache tu, lakini hakuna mteja anayeuliza gramu. Anatazama mstari wa buluu uliokatika pale sahani ilipovunjika. Naipenda kazi hiyo, ila vigae vya kufukuliwa magofuni naomba viachwe vilipo. Sahani za nyumbani zilizovunjika zinatosha. Arusha tanzanaiti nyingi huwekwa kwenye fedha ili mtu wa kawaida aweze kuinunua. Wanaume wa Kiislamu, waliokatazwa dhahabu na kuruhusiwa fedha, hawajaacha pete za akiki. Na Omani, ambako hanjari, lile jambia lililopinda, iko kwenye bendera ya taifa, ufundi wa hanjari uliingizwa mwaka 2022 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Pale Nizwa mnunuzi hubishania uzi wa fedha ulivyofumwa kwenye ala, na jina la fundi huulizwa kabla ya bei.

Kwa hiyo mtu akiniuliza aziuze vipi fedha za mama yake, namwambia asizisafishe kwanza, na asikubali ziwekwe kwenye mizani kabla hazijatazamwa. Atafute sonara, si mkusanyaji wa metali. Apige picha ya nakshi kila upande, aandike nani alivaa na ilifuliwa mji gani kama wapo wanaokumbuka. Anayelipa kwa gramu atanyamaza wakati wa mazungumzo hayo, na ukimya wake utakuwa umesema.

Zile kekee mpwa wangu alizivaa arusini. Yule sonara mzee alijitolea kuzichonga upya, nikakataa, naye akakubali haraka kuliko nilivyotarajia. Akasema mkono wake si mkono ule. Mpwa wangu huzivaa sokoni, kazini, hata akiosha vyombo, ingawa nimemkataza. Juzi alipokuja nilimshika mkono nikautazama karibu. Pale penye vivuli vya maua, ndani ya mistari michache iliyosalimika, weusi umeanza kurudi, na ua moja linaonekana.